Digrii 25 Zilizopotea: Kisa cha Tapu Zilizokuwa Zikivunjika Wakati wa Kutoka

Nilipofika mbele ya mashine ile, tapu ya M8, yaani zana ya kukata nyuzi za boliti ya milimita 8 ndani ya tundu, ilikuwa imezama karibu kina chake chote ndani ya bamba la chuma, spindeli (mhimili unaoizungusha zana) imesimama, na kioo cha kidhibiti kinaonyesha ujumbe mwekundu kwamba tofauti kati ya spindeli na mhimili wa Z, ule wa kupanda na kushuka, imezidi kikomo. Kijana aliyekuwa akiiendesha alikuwa amekwisha kunyoosha kidole kuelekea kitufe cha kufuta hitilafu, nami nikamwomba asubiri kidogo. "Fundi, huo huwa unafutika tu, kisha tunaendelea," aliniambia, na alikuwa akisema kweli. Ujumbe ule ulikuwa umefutwa mara nyingi kabla ya siku hiyo, na kila ulipofutwa sehemu ya ushahidi ilipotea pamoja nao. Ninaueleza mkasa huu kwa urefu kwa sababu hitilafu yenyewe ilikuwa ndogo mno, skrubu mbili tu, lakini ilijificha nyuma ya mambo ambayo kila fundi wa mashine hizi huyaamini bila kuyauliza, na mimi mwenyewe niliyaamini kwa nusu siku nzima.

Mashine ilikuwa ya milingi, yaani ya kuchonga chuma, ya wima inayoongozwa na kompyuta. Mota ya spindeli haikukaa juu ya spindeli moja kwa moja, bali iliizungusha kwa mkanda mpana wenye mifereji. Pembeni mwa spindeli kulikuwa na enkoda, kifaa kinachokiambia kidhibiti spindeli iko kwenye pembe gani, ambayo nayo ilizungushwa na spindeli kwa mkanda mwembamba wenye meno kupitia puli mbili zilizo sawa kwa ukubwa, hivyo spindeli ikizunguka mara moja, enkoda nayo huzunguka mara moja. Enkoda hiyo ilitoa mapigo 1024 kwa mzunguko, na kidhibiti, kwa kuhesabu kingo zote za mawimbi yake mawili, kilipata hesabu 4096. Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa mabamba ya chuma yenye matundu 12 kila moja, matundu yasiyotoboka upande wa pili, yaliyotobolewa kwa drili ya milimita 6.8 hadi kina cha milimita 22, ili yakatwe nyuzi za M8 zenye hatua ya milimita 1.25 hadi kina cha milimita 16.

Kukata nyuzi kwa ulandanishi hakuna muujiza wowote. Spindeli ikizunguka mara moja, mhimili wa Z lazima ushuke hatua moja ya nyuzi, si zaidi wala si pungufu. Kwa mizunguko 600 kwa dakika, Z hushuka milimita 750 kwa dakika, kwa kuwa 600 mara 1.25 ni 750. Tapu ikifika chini, spindeli na Z hupunguza mwendo pamoja, husimama pamoja, na kurudi pamoja. Katika vidhibiti vingi vya viwandani spindeli wakati huo haiendeshwi tena kama mota ya kuzunguka tu kwa kasi fulani; hugeuzwa kuwa mhimili wa mahali, unaoambiwa uwe kwenye pembe fulani kwa wakati fulani, na enkoda ndiyo inayojibu kama umefika. Zipo mashine nyingine, hasa zilizojengwa juu ya programu huria kama LinuxCNC, ambako mhimili wa Z ndio unaoifuata spindeli kwa kusoma enkoda yake. Njia ni mbili, lakini zote zinategemea shahidi mmoja. Enkoda ikisema pembe isiyo ya kweli, hakuna sehemu nyingine ya kidhibiti inayoweza kujua.

Kabla ya kutafuta chanzo ilibidi tuitoe tapu. Hapa ndipo zana nyingi huvunjwa na watu walio na haraka. Mwendeshaji akifuta hitilafu na kuuinua mhimili wa Z kwa mkono wa kuongozea, tapu huvutwa juu bila kuzunguka, na nyuzi alizozikata mwenyewe ndizo zinazoishika na kuikata. Vidhibiti vingi vina amri maalumu ya kuitoa tapu iliyokwama, inayozungusha spindeli kinyume huku ikiinua Z kwa uwiano uleule. Hiyo ni njia nzuri pale ambapo enkoda inaaminika, na mimi wakati huo sikuwa na sababu ya kuiamini. Nilichagua njia ya polepole. Tulilegeza nati ya koleti, ile bushi inayoibana tapu, hadi tapu ikawa huru ndani ya kishikio, tukainua Z ikaiacha tapu imesimama ndani ya bamba, kisha tukaizungusha kinyume kwa kipini cha mkono, robo mzunguko kwa robo mzunguko, tukiipaka oili. Ilitoka nzima. Kando moja ya meno yake ilikuwa imemeguka, na kumeguka huko kulikuwa upande unaobeba mzigo tapu inapotoka, si upande unaokata inapoingia. Niliifunga tapu ile kwenye kitambaa na kuihifadhi, na baadaye ndiyo iliyonisaidia kuliko kioo cha kidhibiti.

Neno moja kuhusu vitufe, kwa kuwa liliulizwa pale pale. Mzunguko wa G84, ile amri ya kukata nyuzi, ukiwa unaendelea kwa ulandanishi, vitufe vya kupunguza kasi ya mwendo na ya spindeli kwa kawaida havifanyi kazi, na kitufe cha kusimamisha mwendo hakisimamishi hadi tapu itoke. Hilo limewekwa kwa makusudi, wala si ubovu. Kitufe cha dharura, kwa upande wake, hukata kila kitu: breki ya Z inashika mara moja, lakini spindeli ina uzito na huendelea kuzunguka kidogo kabla ya kutulia, na mzunguko huo mdogo bila Z kushuka unatosha kuivunja tapu. Mtu akihatarishwa, kitufe cha dharura kibonyezwe bila kufikiri mara mbili. Lakini mwendeshaji anayekibonyeza kwa sababu amesikia mlio asioupenda anapaswa kujua kwamba anaitoa kafara tapu, na pengine bamba pia.

Baada ya hapo nilifungua orodha ya hitilafu zilizopita. Huisoma kuanzia chini kwenda juu, yaani kuanzia iliyotangulia, kwa sababu hitilafu moja ya spindeli huzaa nyingine nyingi ndani ya sekunde ileile: spindeli ikisimama ghafla, Z hulalamika, kisha programu hulalamika, na anayesoma mstari wa juu peke yake huenda akaanza kuchunguza mota ya Z isiyo na kosa lolote. Hapa mpangilio ulikuwa uleule kila mara. Tofauti ya ulandanishi ilitangulia, mengine yakafuata. Na wakati wote ilitokea mwishoni mwa kushuka, pale spindeli inapogeuka. Haikutokea hata mara moja katikati ya tundu.

Niliwauliza walichokwisha kufanya, na majibu yao yalikuwa na thamani kubwa ingawa hawakudhani hivyo. Kwanza walikuwa wamebadilisha tapu, wakanunua aina nyingine mbili. Kisha wakabadilisha oili. Kisha wakapunguza mizunguko kutoka 600 hadi 300 na kurefusha muda wa spindeli kuongeza mwendo, na ujumbe ukawa wa nadra sana, lakini tapu ziliendelea kuvunjika kwa kiwango kilekile. Jambo hilo la mwisho lilinishtua. Ikiwa ujumbe na tapu zilizovunjika vina chanzo kimoja, kwa nini kimoja kipungue na kingine kibaki? Kwa siku nzima ya kwanza wao walilijibu swali hilo kwa kusema kwamba ni matatizo mawili tofauti: moja la umeme, jingine la zana. Jibu hilo lilikuwa rahisi, na ndilo lililowafanya waendelee kufuta ujumbe na kununua tapu.

Nilianza na mambo ya kawaida kwa sababu ni aibu kuyaruka na baadaye kukuta ndiyo chanzo. Kipenyo cha tundu kilikuwa sawa, milimita 6.8 kwa geji. Kina kilitosha, milimita 6 za nafasi chini ya nyuzi zilikuwa zinapokea chengachenga bila tapu kugonga sakafu ya tundu. Kasi ya kukatia kwa mizunguko 600 ilikuwa kama mita 15 kwa dakika, jambo la kawaida kwa tapu ya chuma cha kasi katika chuma cha wastani. Programu ilikuwa na hatua sahihi, 1.25, na mahali pa kuanzia palikuwa milimita 5 juu ya bamba. Milimita hizo 5 ni mizunguko minne kamili. Spindeli ikichukua sekunde 0.3 kufikia mizunguko 600 kwa dakika, huwa imezunguka mara moja na nusu tu, yaani chini ya milimita 2 za kushuka, hivyo spindeli na Z hupata muda wa kutosha kutulia pamoja kabla ya jino la kwanza kugusa chuma. Hakuna kosa hapo. Nyuzi zilizokwisha kukatwa zilipimwa kwa geji: ile ya kupita ilipita, lakini ile isiyotakiwa kupita ilizama zaidi ya mizunguko mitatu katika matundu kadhaa. Nyuzi zilikuwa pana kupita kiasi, na upana huo ulikuwa mkubwa zaidi sehemu ya juu ya tundu kuliko chini.

Hiyo ilikuwa dalili ya pili iliyoelekea upande uleule na meno yaliyomeguka. Kitu kilikuwa kinaenda sawa wakati wa kuingia na kinakwenda vibaya wakati wa kutoka.

Wazo langu la kwanza lilikuwa mkanda mkuu wa spindeli. Mkanda uliolegea huteleza mota inapogeuka kwa nguvu, spindeli huchelewa, na enkoda, kwa kuwa inasoma spindeli yenyewe na si mota, huuona uchelewaji huo. Nilikaza mkanda kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mashine, tukajaribu, na hakikubadilika chochote. Wazo la pili lilikuwa mapigo ya enkoda kupotea kwa sababu ya kebo mbovu au kelele za umeme kutoka kwenye draivu, kifaa kinachoilisha mota umeme. Hapo nilifanya jaribio ambalo mafundi wengi hulifanya: nilichora alama ya rangi kwenye kishikio na nyingine mbele yake kwenye kichwa cha spindeli, nikaamuru mashine ikate nyuzi hewani bila bamba, mara kumi mfululizo, na kuangalia kama alama zinarudi mahali pamoja. Zilirudi. Kila mzunguko ulipokwisha, alama ilikuwa palepale ilipokuwa baada ya mzunguko uliotangulia. Nikahitimisha kwamba enkoda ni nzima, nikaenda kupoteza saa nyingi kwenye vipimo vya draivu.

Hitimisho hilo lilikuwa na kosa ambalo nadhani linastahili kuelezwa kwa makini. Jaribio lile linathibitisha jambo moja tu: kwamba hesabu hazipotei. Kama kila tundu lingepoteza hesabu mia moja, ambazo ni karibu digrii 9, alama ingesogea digrii 9 kila mara na baada ya matundu kumi ingekuwa mbali kabisa. Lakini mimi nilikuwa nikilinganisha mwisho wa mzunguko mmoja na mwisho wa mwingine, na mara zote mbili spindeli ilikuwa imefika hapo ikizunguka upande mmoja, upande wa kutoka. Uchezaji kati ya spindeli na enkoda, yaani ulegevu unaoiacha moja isogee kidogo kabla ya nyingine kuifuata, hauonekani kwa kulinganisha namna hiyo, kwa sababu kila mara unakuwa umelalia ukuta uleule.

Ndivyo pia ilivyokuwa kwa jambo lililowafanya wote, nikiwamo mimi, waiamini enkoda: kubadilisha zana kulikuwa kunakwenda vizuri. Kabla ya mkono wa kubadilishia kuchukua kishikio, spindeli lazima isimame kwenye pembe maalumu ili vigingi vyake viingie katika mifereji ya kishikio, na pembe hiyo husomwa kwenye enkoda ileile. Kama enkoda ingekuwa mbovu, tulisema, mkono ungegonga. Lakini mashine ile huifikia pembe hiyo ikizunguka upande mmoja daima. Enkoda iliyolegea inaweza kubadilisha zana maelfu ya mara bila kukosea, na kukosea katika kila tundu la nyuzi.

Kilichonifungua macho ni swali la ujumbe na mizunguko 300. Nilikaa nikajiuliza kila aina ya kosa lingefanana na nini. Kosa la mwendo, yaani Z na spindeli kutojibu kwa wepesi ulio sawa, hukua kadiri kasi inavyokua. Ukipunguza mizunguko nusu, kosa hupungua, na tapu zingepona. Kosa la hesabu kupotea hujilimbikiza tundu baada ya tundu. Kosa la uchezaji halijali kasi wala halijilimbikizi. Lina ukubwa uleule siku zote, na hubadili upande spindeli inapobadili upande. Tapu zilivunjika kwa mizunguko 600 na kwa 300 vilevile, alama haikusogea kutoka tundu hadi tundu, na ubaya wote ulianza pale spindeli ilipogeuka. Haikubaki nafasi ya dhana nyingine.

Nilirudia jaribio la alama, safari hii kwa namna iliyo sawa. Nilizungushia mdomo wa spindeli ukanda wa karatasi. Mdomo ulikuwa na kipenyo cha milimita 100, hivyo digrii moja ilikuwa karibu milimita 0.87 kwenye karatasi. Niliamuru spindeli ijipange kwenye pembe yake, nikachora mstari, kisha nikakata nyuzi hewani mara moja na kuangalia ilipoishia. Mstari ulikuwa umesogea milimita 22, ingawa kidhibiti kilidai kwamba spindeli imerudi pale ilipoanzia. Nikarudia kwa mizunguko 300, kisha 100. Milimita 22 zilezile. Hatimaye nilibonyeza kitufe cha dharura ili mota isiishike spindeli, nikafungua ukurasa wa kidhibiti unaoonyesha hesabu ya enkoda, na kuizungusha spindeli kwa mkono. Niliigeuza upande mmoja namba zikapanda. Nikaigeuza upande mwingine, na kwa milimita 22 za karatasi namba hazikusogea kabisa. Digrii 25. Kwa nyuzi za hatua ya 1.25, digrii 25 ni karibu milimita 0.087 za mhimili wa Z.

Sasa kila kitu kilijipanga. Tapu ilipokuwa inaingia, puli iliisukuma enkoda kwa ukuta mmoja wa uchezaji na kila kitu kilikuwa sawa. Spindeli ilipogeuka chini ya tundu, enkoda ilibaki imesimama kwa digrii 25 za kwanza. Kidhibiti kikaona spindeli "imekataa" kugeuka, tofauti ya ulandanishi ikapanda ghafla, na kidhibiti kikaisukuma spindeli kwa nguvu zaidi ili ifike panapotakiwa. Mruko ule wa ghafla ndio uliozaa ujumbe mwekundu. Walipolainisha mwendo, mruko ulipungua urefu, ukashuka chini ya kikomo, na ujumbe ukatoweka. Lakini uchezaji ulibaki uleule. Enkoda ilipoanza kusogea tena, kioo kilionyesha utulivu kamili, tofauti ndogo kabisa, huku spindeli ya kweli ikiwa imeitangulia Z kwa digrii 25 njia nzima ya kutoka. Tapu ilitaka kupanda milimita 0.087 mbele ya mhimili unaoibeba, mhimili ukaizuia, na mzigo wote ukaangukia upande mmoja wa meno yake na upande mmoja wa nyuzi. Mara nyingine nyuzi zilikubali kukatwa upya, zikawa pana. Mara nyingine tapu ndiyo iliyokubali.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu ni kinyume cha tunavyofundishana. Kipindi cha hatari hakikuwa pale kioo kilipolalamika. Kilikuwa baada ya hapo, kioo kilipotulia.

Mtu makini atauliza: mbona hali hii haikuonekana zamani? Jibu lilikuwa kwenye droo ya zana. Miezi michache nyuma, karakana ilikuwa ikitumia kishikio cha tapu chenye springi, kile kinachoweza kujivuta na kujibana milimita kadhaa kuendana na tapu. Kishikio kama hicho humeza milimita 0.087 bila mtu kuhisi chochote. Kisha wakahamia kishikio kigumu cha koleti, kwa sababu nzuri kabisa, kwamba hutoa kina sahihi zaidi na hakihitaji matunzo. Kishikio kigumu hakimezi kitu. Sikuona haja ya kumlaumu aliyefanya uamuzi huo. Mashine ilikuwa na ugonjwa tayari, naye aliondoa dawa ya maumivu bila kujua.

Jambo jingine sikuweza kulipokea kwa upole kiasi hicho. Nilipolinganisha parameta za kidhibiti na karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la umeme, nilikuta kikomo cha tofauti ya ulandanishi kimeongezwa mara mbili ya thamani ya awali. Hakuna tarehe wala jina lililoandikwa. Mtu fulani aliuona ujumbe huu zamani, wakati uchezaji ungali mdogo, akapanua kikomo hadi mashine ikanyamaza. Kama asingefanya hivyo, skrubu ingekazwa siku hiyo kwa dakika ishirini. Kikomo cha namna hiyo kinaweza kubadilishwa kwa haki, kwa mfano baada ya kubadilisha mota au kupima upya, lakini anayekibadilisha anapaswa kuandika thamani ya zamani, mpya na sababu, na anapaswa kwanza kujua ni kitu gani kilikuwa kinalalamika.

Ukarabati wenyewe haukuchukua muda. Tulizima umeme mkuu, tukaufunga kwa kufuli, tukafungua mfuniko wa juu. Puli ya enkoda ilikuwa imefungwa kwenye mhimili wake kwa skrubu mbili ndogo za kukazia, moja ikiwa juu ya bapa la mhimili. Skrubu ya pili haikuwapo. Tuliikuta chini ya mfuniko ndani ya grisi. Ile ya juu ya bapa ilikuwa imerudi nyuma kiasi cha kuiachia puli kutikisika huku na huku bila kutoka. Ukingo wa bapa ulikuwa umeanza kuliwa, na mkanda wenye meno ulikuwa umelowa oili na kushika chengachenga katikati ya meno. Tulisawazisha bapa kwa tupa laini, tukasafisha matundu ya skrubu kwa kiyeyushi, tukaweka skrubu mpya mbili zenye gundi ya kuzuia kulegea, na kubadilisha mkanda. Mkanda wa enkoda haukazwi kama mkanda wa nguvu. Hauvuti mzigo wowote, na ukikazwa kupita kiasi huziua beringi ndogo za enkoda ndani ya muda mfupi. Inatosha usiwe na ulegevu unaoonekana na usiwe na kilio unapozungushwa kwa mkono.

Kuna hatua moja hapa ambayo ikisahaulika hugeuza ukarabati mzuri kuwa ajali. Puli ikilegezwa na kukazwa upya, alama ya sifuri ya enkoda, lile pigo moja la kila mzunguko, haiko tena kwenye pembe ileile ya spindeli. Kidhibiti hakijui hilo. Kikiambiwa kijipange kwa ajili ya kubadilisha zana, kitaipeleka spindeli kwenye pembe ya zamani kwa hesabu, ambayo sasa ni pembe nyingine kwa chuma, na mkono wa kubadilishia utakipeleka kishikio kwenye vigingi visivyolingana na mifereji. Kwa hiyo kabla ya kuuruhusu mkono uguse chochote, tuliamuru spindeli ijipange ikiwa tupu, tukapima vigingi kwa geji ya saa kuhakikisha viko sambamba na mhimili unaotakiwa, tukarekebisha parameta ya pembe, tukarudia mara kadhaa, kisha tukaleta kishikio kwa mkono wa kubadilishia hatua kwa hatua. Ndipo tukairudisha mashine kwenye hali ya kawaida.

Kikomo cha tofauti ya ulandanishi kilirudishwa kwenye thamani ya karatasi, na muda wa kuongeza mwendo nao ukarudishwa. Jaribio la karatasi, mota ikiwa imekatwa, lilionyesha kwamba spindeli ikigeuzwa kwa mkono hesabu hubadilika karibu papo hapo, chini ya milimita moja ya karatasi. Tulikata nyuzi hewani, kisha kwenye bamba chakavu kwa mizunguko 300, kisha 600, matundu 12 kila mara kwa tapu moja. Geji ya kutopita haikuzidi mzunguko mmoja katika tundu lolote. Kioo bado kilionyesha mruko mdogo chini ya kila tundu, kwa kuwa hakuna spindeli inayogeuka bila kujikaza kidogo, lakini ulikuwa mbali sana na kikomo, na niliuandika ukubwa wake kwenye karatasi ya mlangoni ili atakayekuja baadaye awe na kitu cha kulinganisha.

Yalibaki mabamba yaliyokwisha kukatwa, na hilo ndilo lililotuchukua jioni nzima. Tundu lililovunjikiwa tapu huonekana wazi; lililokatwa nyuzi pana halionekani kwa macho, na boliti huingia ndani yake kwa urahisi unaofurahisha. Tulipima kila tundu la kila bamba lililotengenezwa tangu kishikio kigumu kilipoanza kutumika, kwa geji zote mbili, na kuweka alama ya rangi pale geji ya kutopita ilipozidi mizunguko miwili. Mengi yalipita. Yaliyokataliwa hayakuweza kurekebishwa kwa tapu ileile, kwa kuwa chuma kilichoondolewa hakirudi. Njia iliyobaki ni kutoboa tundu kubwa zaidi na kuingiza kikoili cha nyuzi cha M8, waya uliosokotwa unaokuwa nyuzi mpya ndani ya tundu, kazi inayowezekana pale ambapo kuna chuma cha kutosha kulizunguka tundu, na ambayo haifanywi bila idhini ya aliyesanifu kifaa. Orodha ya matundu hayo, kwa namba ya bamba na nafasi ya tundu, ilipelekwa kwake usiku uleule, pamoja na tapu iliyomeguka ndani ya kitambaa chake.